Mahema Kumi na Mawili Kando ya Ziwa

Robina alizikwa Budondo mwezi uliopita, na mimi nikapewa maikrofoni. Mwanawe mkubwa, Tenywa, ambaye nilimjua akiwa bado anatembea bila suruali, alinishika mkono, akanipitisha katikati ya viti vya plastiki na kuwaambia waombolezaji, "Huyu ni Mama Zamzam. Alifanya kazi na mama yetu pale bustani ya ziwani tangu zamani sana. Ye anajua mama kuliko sisi." Hapo alisema kweli, siri ya mtungi aijuaye kata. Nikasema kwamba Robina alikuwa mtu wa kazi, kwamba alinifundisha kufunga kamba ya hema isilegee kwa upepo wowote, kwamba hakuwahi kumfukuza mtu aliyekuja na njaa. Yote hayo ni kweli pia. Watu wakapiga makofi, mchungaji akasema amina, nami nikarudi kwenye kiti changu na kula wali na nyama, nyama ambayo walikuwa wamemwita Mwislamu kuichinja kwa ajili yetu sisi wachache. Nilikula nikiwa na hasira hata sikujua kama chakula kilikuwa na chumvi. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu yangu aliniona nimeinamia sahani, akadhani ni huzuni, akanipigapiga mgongoni akinipa pole, "Kitalo nnyo, mama, kitalo." Nikamwitikia. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya jeneza na kusema ukweli wote isipokuwa ule mmoja.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala babu yangu alikuja na jeshi gani kutoka Sudani. Hayo yameandikwa na watu wengine, wengi wao bila kutuuliza. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka wa vita, 1979, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu ikiwa mahema. Bustani ilikuwa Jinja, kwenye mteremko wa nyasi unaoshuka hadi ziwani, na mwenyewe alikuwa tajiri wa Kampala ambaye tulimwona mara mbili. Aliyeiendesha hasa alikuwa Robina, mjane wa Kisoga mwenye watoto wanne, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya maji. Kaka yangu Ramadhani alikuwa mtu wa mashua. Aliwapeleka wageni kutazama mahali mto unapoanza safari yake, akawarudisha wamelowa na wamefurahi. Mimi nilitunza mahema kumi na mawili ya turubai nene la kijani, kila moja na namba yake iliyopakwa rangi nyeupe juu ya mlango. Nililala kwenye stoo, kati ya magunia ya vigingi na marundo ya kamba, na mpaka leo harufu ya turubai lililokauka juani hunipa usingizi mzuri. Ni aibu kidogo kukiri hivyo, kwa yaliyotokea, lakini pua haina adabu.

Watu hudhani hema ni kitu cha kuinua tu na kulala ndani. Robina alinifundisha tofauti. Mlango usitazame ziwa, hata mgeni akililia kuona maji, kwa sababu upepo wa alasiri hutoka huko na kulijaza hema mpaka vigingi ving'oke. Mfereji uchimbwe kulizunguka kabla ya mawingu, si baada. Na hema lililolowa lisikunjwe kamwe, maana ukilikunja Jumapili, Ijumaa linanuka mbuzi mgonjwa na halitapona tena. Januari ile tulikuwa na kazi tele. Zilikuja shule, watoto sitini kutoka Mpumudde na walimu wawili waliochoka kabla hawajashuka kwenye lori. Walikuja wafanyakazi wa viwandani na ngoma zao. Walikuja maofisa wa jeshi na wanawake wasio wake zao, na hao tuliwapa namba moja, mbili na tatu, mbali na watoto. Maofisa walipenda kuongea na Ramadhani kwa kuwa alikuwa Mnubi kama wengi wao, na alikuwa na alama tatu kwenye kila shavu alizochanjwa utotoni. "Wewe kijana, utakuja lini kuvaa magwanda?" walikuwa wakimwuliza. Naye akicheka na kusema, "Afande, mimi naogopa hata kiboko. Bunduki nitaiweza wapi?" Hakuwahi kushika bunduki maisha yake yote. Naliandika hili wazi, kwa sababu hakuna mtu aliyemwuliza siku ilipokuwa na maana.

Jiko lilikuwa kibanda cha mabati chenye meko matatu, na hapo ndipo mwaka ule ulipoishi hasa. Robina alipika viazi vitamu na mchuzi wa karanga, mimi nikipika kisra kwenye bamba la chuma, ule mkate wetu mwembamba unaopakwa kama rangi. "Nyinyi Wanubi mnakula karatasi," alikuwa akisema. Nami, "Na nyinyi Wasoga mnakula mizizi kama nguruwe." Alicheka mpaka akashika ubavu. Wageni walipelekewa chakula kwenye sinia wazi, lakini sahani ya Ramadhani sikuitoa jikoni bila kuifunika kwa kawa, lile la ukili uliotiwa rangi nyekundu, zambarau na manjano ambalo kila msichana wetu husuka kabla hajaolewa. Kwetu chakula cha mtu wako hakipiti uwanjani wazi. Jicho la mpita njia huingia ndani yake, na kumpelekea mwanamume wa nyumbani sahani wazi namna hiyo ni sawa na kumwambia huna habari naye. Robina aliona jambo hilo linachekesha. "Ona, chakula ya mgeni ya pesa iko wazi, chakula ya mtu wa mashua imevaa kofia!" Nilimsukia kawa lake mwenyewe mwezi wa pili, akalitundika ukutani juu ya meko, akakataa kulitumia lisije likachafuka.

Mwezi wa tatu mvua zilianza, na mazungumzo nayo yakabadilika. Wageni walipungua, na hao wachache waliokuja waliongea kwa sauti za chini ambazo turubai halizuii. Hilo ni jambo ambalo wageni hawalijui: mtu aliye ndani ya hema huona yuko chumbani, kumbe anayechimba mfereji nje anasikia kila neno. Nikiwa na jembe langu matopeni nilisikia mhasibu akimwambia mkewe kwamba mstari wa mbele umevunjika. Nilisikia mwalimu akisema, "Siku hiyo jeshi ikianguka, hawa Wanubi watalala wapi?" na mwenzake akajibu, "Watalala vizuri sana. Chini." Wakacheka. Nami niliendelea kuchimba, kwa sababu maji yalikuwa yanakuja. Hata samaki watu walikuwa wameacha kula. Wageni walisukuma ngege kando ya sahani na kuomba yai, kwa sababu ya miili iliyokuwa ikitupwa mtoni miaka ile, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Robina aliwakaangia mayai bila kuuliza. Mimi na Ramadhani tulikula samaki wale walioachwa. Tulikuwa vijana, na njaa haina siasa.

Vita vilifika kwa miguu. Kwanza askari waliokuwa wakikimbia kutoka upande wa Kampala walivuka daraja la bwawa la umeme, wakaingia bustanini na kuchukua masufuria makubwa, blanketi zote na mashua moja. Kisha malori ya watu wetu yakaanza kuondoka kwenda kaskazini, yamejaa magodoro, mbuzi na bibi vizee waliofungwa shuka vichwani. Tuliambiwa tupande. Ramadhani akakataa. "Mimi ni mtu wa kupeleka watoto kuona maji," alisema. "Nani ana kesi na mimi? Na huko Sudani nitamjua nani?" Nilikubaliana naye. Wakati mwingine usiku huu wa uzee najaribu kujidanganya kwamba nilimsihi aende, lakini sikumsihi. Nilitaka abaki kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu, na niliogopa zaidi kwenda. Lori la mwisho lilipopita, tukasikia kwamba mjini vijana wanazunguka na marungu na mapanga, wanatafuta wenye alama mashavuni. Mji haukuwa na serikali siku zile. Ya zamani ilikuwa imekimbia na mpya haijafika. Nikamficha Ramadhani ndani ya hema la tisa, safu ya juu, nyuma ya vichaka, na Robina nikamwambia kaka yangu amepanda lori.

Kwa nini nilimficha Robina jambo hilo? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoswali. Nilijiambia kwamba Robina hajui kusema uongo. Uso wake ulikuwa kama sinia, kila kilichowekwa kinaonekana. Nilijiambia ana watoto wanne. Hizo zilikuwa sababu nzuri. Lakini pia nilikuwa nimesikia mengi mno kupitia turubai, na kwa mara ya kwanza nilimtazama nikiwaza kwamba yeye ni Msoga. Siku ya kwanza nilimpelekea Ramadhani viazi ndani ya ndoo, chini ya matambara, kama mtu anayekwenda kufua. Siku ya pili vilevile. Alikuwa amekaa gizani kwenye joto la turubai, amekonda kwa siku mbili tu, akauliza, "Zamzam, hata sahani hamna? Nimekuwa mbwa?" Alitania, lakini macho yake hayakutania. Nililia njiani nikirudi. Siku ya tatu, asubuhi, nilipika kisra, nikaiweka kwenye sahani na mchuzi wa maharage, nikaifunika kwa kawa langu, nikapanda nayo juu mapema kabla watoto hawajaamka. Alikula akashiba, akasema Mungu akupe mume mwema. Nikaiacha sahani mlangoni pa hema, kama tulivyozoea, niirudie baada ya kuteka maji. Kawa jekundu na zambarau juu ya nyasi za kijani. Mgeni wa kulipa hapewi kawa. Kila mtu aliyekula jikoni kwetu alijua hivyo.

Nilikuwa nikipanda kutoka ziwani na ndoo mkononi nilipowaona. Walikuwa kama kumi na wawili, vijana wa mjini, na baadhi yao walikuwa wamewahi kuogelea pale siku za sikukuu. Robina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, watoto wamejishika kwenye gauni lake la gomesi, na aliyekuwa akimhoji alikuwa mtu wa shati la njano mwenye pengo la meno mawili ya mbele, panga limelala begani mwake. Sikusikia maneno. Niliona tu mkono wa Robina ukinyooka kuelekea safu ya juu. Haukutetemeka wala haukuchelewa. Wakapanda, wakamtoa Ramadhani akiwa hana viatu, wakamshusha wakipita hatua tano kutoka nilipokuwa nimefika, mbele ya jiko. Yule mwenye pengo alisimama akanisemesha neno, nikamjibu, wakaendelea. Walimpeleka upande wa barabara ya Mpumudde. Sikusikia mlio wowote, na kwa muda mrefu nilijipa moyo kwa sababu hiyo. Mvuvi mmoja ndiye aliyeniambia jioni mahali walipomwacha, na ni wavuvi waliomzika, wawili Waislamu na mmoja Mkristo, bila sanda, ndani ya kipande cha turubai nilichokata kwenye hema lake.

Siku mbili baadaye Watanzania wakafika. Walikuja wamechoka, wenye adabu, wanasema Kiswahili ambacho sisi tulikuwa tumekisikia redioni tu, na waliipenda bustani mara moja. Afande wao, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, alitaka mahema, nami nikamsimikia kumi na moja. Alishangaa kwamba tunaelewana bila shida, kwa maana mjini watu walimkimbia alipofungua mdomo. Lugha hiyo kwa watu wa mjini ilikuwa lugha ya askari, ya kuamriwa kulala chini. "Dada," akaniuliza nikikaza kamba, "mbona unalia?" Nikamweleza. Akavua kofia, akakaa kwenye nyasi. "Tungetembea haraka kidogo," alisema. "Tulilala njiani siku mbili kungoja mafuta ya magari." Akasema pole. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia pole, na alikuwa askari wa jeshi ambalo watu wetu walikuwa wakilikimbia. Robina hakusema pole. Alipika, akawatumikia askari, akanipa sahani yangu bila kunitazama. Wiki nzima tulifanya kazi bega kwa bega hivyo hivyo. Kisha nikapanda lori la chumvi kwenda Mbale.

Mbale nilifikia mtaa wa Nabuyonga, kwa Hajji Mafabi, mfanyabiashara aliyekuwa akija bustanini kila Idd na wake zake wawili na jiko lake mwenyewe. Alinipokea vizuri. "Mulembe, mwanangu, ingia, hapa ni nyumbani kwa Waislamu." Walinipa chumba nyuma ya duka, kati ya madebe ya mafuta ya taa, na kwa kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, siku ya tatu nikapewa sindano. Vita vilikuwa vimepasua maturubai yote ya malori ya mashariki, na mimi nilijua kushona turubai. Nilishona kuanzia alfajiri hadi vidole vikatoa maji. Chumba changu kilikuwa na ukuta wa mbao, hivyo nilisikia yote. "Huyo msichana atatuletea watu," alisema mke mkubwa. Hajji akasema, "Hana alama usoni." Mke akasema, "Alama iko mdomoni. Akifungua tu, soko yote itajua ni Mnubi." Asubuhi yake mke huyo aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba nikienda sokoni nisiongee. Kwa hiyo nikawa bubu wa Nabuyonga. Nilinunua nyanya kwa kuonyesha kidole. Wauzaji walinihurumia, wakaniongezea moja juu, wakasema Mungu ana kazi zake. Nilifunga Ramadhani nzima nikiwa bubu, mwezi wenye jina la kaka yangu, na Idd ilipofika hatukwenda ziwani. Tulikula uani, mlango umefungwa, na Hajji akasema mwakani, inshallah, mwakani. Sikumchukia. Alinipa chakula na paa. Lakini mtu aliyefichwa kwa wema hukonda vilevile.

Mwezi wa kumi na moja dereva wa lori aliniletea karatasi. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu fulani, maneno yalikuwa ya Robina: bustani inafunguliwa tena kwa Krismasi, mahema yameoza, askari waliyakunja yakiwa yamelowa, hakuna anayejua kushona, njoo. Hakukuwa na salamu wala jina la Ramadhani. Nilikaa na karatasi ile siku nne. Kisha nikaenda, na nitasema kwa nini: nilitaka kumwuliza kwa kinywa changu kwa nini mkono wake haukutetemeka. Nilikuwa nimelishika swali hilo miezi saba, nikishona nalo, nikilala nalo, na nilijua nikilitoa litamchoma, na nilitaka kuona anavyoungua. Nilipofika alikuwa amepungua sana, gomesi inamning'inia. Akasema, "Umerudi. Kuna chai." Ukutani juu ya meko hapakuwa na kawa. Tulishona wiki tatu, tumekaa kwenye nyasi, yeye upande huu wa turubai na mimi upande ule, sindano zikipishana, na kila siku nilisema kesho nitauliza. Wiki ya pili alinikumbusha tena kuwekea viraka mafundo mawili, si moja. Niliweka mawili.

Krismasi watu walikuja kana kwamba mji mzima ulikuwa umeshikilia pumzi na sasa umeiachia. Walikuja na redio, na kuku waliofungwa miguu, na watoto wenye viatu vipya vya kuwabana. Walicheka kwa sauti kubwa mno, walikula kwa haraka mno. Waliogelea. Nilifikiri ningefurahi kuyaona mahema yangu yamesimama tena, lakini niliwachukia wote, hata watoto wachanga, kwa jinsi walivyotandaza mikeka popote bila kuuliza pale chini pamepita nini. Mchana akaja baba mmoja na mkewe na watoto watatu, wakataka hema. Aliponisalimu niliona pengo la meno mawili. Safari hii shati lilikuwa jeupe. Hakunitambua, na hilo liliniuma kuliko kama angenitambua na kucheka. "Dada, tutafutie mahali pazuri," alisema. "Watoto wanataka karibu na maji." Nami nikampa. Chini kabisa, kando ya matete, kuna sehemu yenye nyasi fupi sana, laini, zilizosawazishwa vizuri kuliko zote bustanini, na kila mgeni huitamani. Ni kiboko anayezikata. Hupanda hapo kila jua likizama, njia ileile, na chochote kilicho njiani hukipitia juu. Mfanyakazi wa kwanza kabisa anayefundishwa kazi pale hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kamba. Nikasimika hema vizuri, nikakaza kila kigingi, mke akaniambia asante, watoto wakaviringika kwenye zile nyasi wakipiga kelele kwa furaha.

Nilirudi jikoni nikanawa mikono. Robina alikuwa mlangoni, akitazama kule chini mateteni. Hakuuliza ni nani. Naye alikuwa ameliona lile pengo.

"Hiyo hema utaitoa pale," alisema.

"Wewe ndiye wa kuniambia?" nikamjibu, na hapo swali langu la miezi saba likatoka lote, kwa sauti iliyowafanya wageni wageuke. Nikamwita muuaji. Nikamwambia mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Aliniacha nimalize. Akafunga mlango wa bati. "Mi niliona ile kawa asubuhi," alisema. "Kabla hao watu hawajakuja. Nikajua yuko. Nikajua umenidanganya, ndani ya kambi yangu, juu ya watoto yangu. Ungeniambia, Zamzam! Ungeniambia, ningetoa ile kitu pale mlangoni, ningemweka kwa boti, ningempeleka kwa ndugu zangu Budondo. Lakini we uliniona mimi ni Msoga tu. Hao watu walisema wataangalia kila hema, na wakipata mtu, watachinja nyumba yote. Niko na watoto nne. Nilionyesha. Ndiyo. Mi ndiye nilionyesha." Alipumua. "Na wewe? Yule alipokuuliza, si nilikuwa nasikia?"

Nimeandika kwamba yule mtu alinisemesha neno nami nikamjibu. Neno lilikuwa hili: "Unamjua huyu?" Ramadhani alikuwa hatua tano mbele yangu, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya hema langu, akinitazama. Nikasema, "Simjui. Ni mgeni tu." Alisikia. Hakulalamika, hakuniita jina. Aligeuza uso haraka akatazama ziwa, ili macho yake yasije yakanisaliti. Hilo ndilo jambo la mwisho alilonifanyia.

"Mi nilisema yuko pale," Robina akasema. "We ulisema humjui. Hiyo ni yetu, tutaibeba mimi na wewe. Lakini hao watoto pale chini hawakusema kitu."

Kupitia dirisha niliona jua limeanza kuteremka upande wa bwawa. Sikumsamehe, na wala hakuniomba msamaha, siku ile au siku nyingine yoyote katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja baadaye. Nilichukua nyundo ya mbao nikashuka kwenye nyasi. Nikamwambia yule baba kwamba hapo pana siafu wengi, kwamba tutawahamishia juu, karibu na jiko. Akasikitika kidogo, kisha akakunja mikono ya shati lake akanisaidia. Yeye alishika nguzo ya nyuma, mimi ya mbele, tukapanda na hema taratibu, na binti yake mdogo akabeba vigingi ndani ya sketi yake akivihesabu kwa sauti. Tulipomaliza, akajipangusa jasho, akatazama jinsi kamba zilivyokazwa, akanishukuru, "Webale nnyo, dada. Wewe unajua kazi." Nikamwambia karibu, nikaenda kuwawekea chai.